Foleni ya Jeshi Lililokwisha

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Kigoma hata nyumba za wageni zikakosa vitanda, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Mama mdogo akanichukua nimsaidie kwenye gesti yake ya Mwanga, nyuma ya soko, upande wa mafundi cherehani. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua, kuchemsha maji ya kuoga, na kuzungumza Kiingereza pale kitakapohitajika. Kiingereza changu kilikuwa cha kufaulia mtihani, si cha kuzungumzia, lakini mama mdogo ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo alikiamini kuliko nilivyokiamini mwenyewe.

Asubuhi moja, treni ilipoingia, akatokea mzee wa Kizungu getini. Mrefu, mwembamba kama mti wa kuangulia mapapai, soksi amezivuta hadi magotini, na mkononi begi la ngozi lililokuwa likimvuta upande mmoja. Akanitazama, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Shikamoo."

Nikageuka nyuma kumtafuta mkubwa wangu. Hapakuwa na mtu. Nikaitika, "Marahaba, babu," kwa sababu shikamoo haiachwi ikining'inia hewani.

Baadaye tuligundua kwamba alijifunza salamu hiyo moja kwenye kitabu na alimpa kila mtu: watoto, wauza karanga, hata fundi aliyekuja kuzibua choo. Mwanga nzima ilimwitikia marahaba. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wakija makusudi asubuhi kuamkiwa.

Alikuwa Mjerumani, mwalimu wa historia aliyestaafu. Nilimuuliza kilichomleta, kwa kuwa mama mdogo alitaka kujua shughuli ya kila mgeni. Akasema mambo mawili. La kwanza, alitaka kupanda ile meli ya zamani ambayo wazee wao waliileta vipande vipande na kuiunga hapa ziwani. La pili, alikuwa akiandika historia ya kitu fulani cha jeshi, ambacho alikitaja kwa neno fupi nisilolielewa. Akaliandika kwa kidole kwenye vumbi la meza ya mapokezi: corps. Nililitambua. Nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu cha hadithi za polisi, ingawa kule lilikuwa na herufi moja zaidi mwishoni.

"Anasemaje?" mama mdogo akauliza.

"Anasema ana maiti ya jeshi."

Mama mdogo akalitazama lile begi. "Maiti?"

"Ya jeshi."

"Jeshi zima?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mwambie chumba cha maiti kiko hospitali. Hapa watu wanakula."

Nikamtafsiria. Mjerumani akacheka mpaka akavua miwani. Akachora tena kwenye vumbi: askari mmoja, kikosi kidogo, kikosi kikubwa, divisheni, kisha duara linalokusanya divisheni mbili tatu, na juu yake jenerali mwenye kofia. Lile duara ndilo alilokuwa akiliandikia historia. Lilipigana upande wa Urusi katika vita vya pili vya dunia, na marehemu baba yake alikuwemo humo.

"Kumbe watu hai," nikamwambia mama mdogo.

"Basi waingie," akasema, "lakini kitanda ni kimoja."

Kesho yake akaenda bandarini kuulizia meli. Haikuwepo. Ilikuwa imechukuliwa kwenda kaskazini, Kagunga, kusomba wakimbizi, maana kule hakuna barabara ya maana na watu walikuwa wamebanwa kati ya mlima na maji. Akauliza itarudi lini. Karani akamjibu, "Ikirudi." Akanijia kuuliza hiyo ni siku gani ya juma.

Basi akawa anangoja. Kila asubuhi alikwenda bandarini, anarudi na jibu lile lile, anakaa uani na chai yake ya maziwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikichambua mchele karibu yake, mimi ndiye niliyesimuliwa lile jeshi.

Baba yake alikuwa dereva wa gari la jenerali. Mwanzoni nilidhani jenerali ni mmoja. Hapana, walikuwa wakibadilishwa kama mashuka. Wa kwanza alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, hapendi gari, anapenda farasi, kwa hiyo dereva alikuwa akiendesha gari tupu taratibu nyuma ya farasi mamia ya maili kuingia Urusi. Huyo alirudi nyuma bila ruhusa theluji ilipowazidi, akafukuzwa kwa simu. Wa pili aliumwa manjano, macho yakawa kama kiini cha yai, akaondolewa kwa machela huku bado akitoa amri. Wa tatu aliogopa ndege za adui hata akawa analala ndani ya behewa lililofichwa msituni, na amri zake zilikuwa zikifika vitani baada ya vita yenyewe kwisha. Alikuwepo mmoja aliyeletwa kwa ndege ndogo wakati divisheni zote zimeshazingirwa. Akashuka, akapeana mikono na maofisa, akala chakula cha mchana, akapata amri ya kuhamishiwa kwingine, akapanda ndege ile ile. Katika historia amehesabiwa kuwa ni kamanda kamili.

"Na baba yako?" nikamuuliza.

"Baba alikuwa akibaki na gari."

Alisimulia haya bila kutabasamu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mimi nilikuwa nacheka hadi mchele unamwagika, halafu naona haya, kwa kuwa sikuwa na hakika kama kucheka kunaruhusiwa.

Wiki iliyofuata mama mdogo akampa mwenzake wa chumba. Vyumba vilikuwa vimejaa madereva wa malori ya misaada yaliyokuwa yakipeleka watu Kasulu kupitia Kidahwe, na huyu mgeni mpya alikuja na suti yake, viatu vimepigwa rangi, na shingoni taulo la bluu. Alikuwa Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Akajitambulisha kwa mama mdogo kwa sauti iliyofika sokoni: "Mama, mie niko kanali."

"Karibu, baba. Jeshi lako liko wapi?" mama mdogo akauliza, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza kuuliza mapema.

"Njo natafuta," akasema kanali, yaani ndilo hilo analolitafuta.

Mambo yake yalikuwa hivi. Alikuwa ofisa wa stoo, mtu wa magunia ya maharage na mablanketi. Vita ilipokaribia, redio ikatangaza kwamba yeye ndiye kamanda wa brigedi ya ukanda wa ziwa. Akavaa sare, akaenda kuipokea brigedi. Alipofika kambini akakuta mbuzi na mpishi. Brigedi ilikuwa imeshavuka ziwa kwa mitumbwi, na mpishi alikuwa akimalizia kufunga sufuria aifuate. Kanali akaona kamanda mwema haachani na askari wake. Akavua sare, akaitumbukiza majini, akapanda mtumbwi uliojaa magodoro, akavuka Tanganyika kuwafuata.

Sasa alikuwa akiwatafuta. Si kwa vita, aliapa. Alitaka tu kuwaona, wajue kwamba aliteuliwa. Niliwahi kufuatana naye sokoni. Kijana mmoja muuza ndizi alipomwona alinyooka ghafla, mikono ikabana mapajani, halafu akakumbuka alipo, akainama akaanza kupanga ndizi zilizokwisha kupangwa.

"Wewe si wa kwangu?" kanali akamuuliza.

"Hapana, mon colonel," akajibu kijana.

Kanali akanunua ndizi, akaondoka ameridhika sana.

Mjerumani na kanali hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mmoja alikuwa na Kijerumani na Kiingereza, mwingine Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Mimi nikawa katikati. Neno la kwanza walilokubaliana bila msaada wangu lilikuwa lile lile lililonishinda: kanali aliposikia "kor" akaruka kitini, kwani kwa Kifaransa pia ndivyo linavyotamkwa. Kuanzia hapo sote tukaiita kori, na mama mdogo akawa anauliza, "Leo kori imefika wapi?" kama anayeulizia basi la Kibondo.

Walikuwa wakigombana kutwa. Kanali alisema jenerali wa farasi alikosea. Angetanguliza chakula kwanza. Mjerumani akasema chakula kilikuwa nyuma kwenye matope. Kanali akasema basi vita nzima ilikuwa na makosa, huwezi kuanzisha vita wakati maharage yako nyuma. Mimi natafsiri. Mjerumani anaagiza nimwambie kanali kwamba ramani ndiyo itakayoamua. Kanali anaagiza nimwambie Mjerumani kwamba yeye haamini karatasi, mpaka aone uwanja.

Ndivyo tulivyojikuta Kibirizi.

Kibirizi ndiko mitumbwi ya uvuvi inakoshusha mzigo, na asubuhi ufuko mzima unameremeta kwa dagaa walioanikwa. Mjerumani aliposimama pale juu ya mwinuko na kuona yale mafungu yaliyopangwa safu safu mchangani, akashika kifua. Akanambia kwa sauti ndogo kwamba huo ndio mkao wa kori ulivyokuwa siku ya kuzingirwa. Divisheni ya kushoto, divisheni ya kulia, na pale kati, penye nafasi tupu na mtumbwi uliopinduliwa, makao makuu.

Wakashuka. Mjerumani akavua soksi. Kanali akakunja suruali. Wakachukua fimbo, wakaanza kuchora mito na barabara katikati ya dagaa wa watu. Watu wakaanza kusogea, kwanza watoto, halafu wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, halafu wakimbizi waliokuwa wameshushwa na mitumbwi asubuhi ile na wanangoja lori. Kanali alipoona watu, damu yake ya amri ikachemka. Akaanza kupaza sauti kwa Kifaransa, akinyoosha fimbo. Mjerumani naye akamjibu kwa Kijerumani. Mimi nikaacha kutafsiri. Hakuna aliyekuwa akinihitaji.

Kunguru ndio waliomaliza ubishi. Wenye kuwafukuza walikuwa wamesimama kutazama vita, basi kunguru wakashuka kundi zima kwenye divisheni ya kushoto, wakala.

Mwenye dagaa akatokea. Alikuwa mwanamke wa Ujiji, mnene, kanga kiunoni, sauti yake inajulikana hadi Katonga. "Nani kaniruhusia kunguru?"

Kanali akamwelekeza Mjerumani. Mjerumani akainama akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Dagaa wangu wameliwa na nani?"

Nikamweleza kwamba wazee hawa walikuwa wakionyesha jinsi jeshi lilivyozingirwa.

"Na waliozingirwa walifanya nini?"

Nikamuuliza Mjerumani. Akasema walikatazwa kuondoka, wakakaa, wakaisha.

"Basi hawa wangu hawaishi," akasema yule mama. "Ni wakati wa kugeuzwa upande wa pili. Inameni."

Wakainama. Kanali wa brigedi na mwanahistoria wa kori wakageuza dagaa mmoja mmoja mpaka jua likapinda, mama wa Ujiji akipita nyuma yao na kusema, "Huyu hujamgeuza. Na huyu." Kanali alinambia njiani, akishika mgongo, kwamba maisha yake yote hakuwahi kupata kamanda anayejua anachotaka kama yule.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyemwona Mjerumani na kanali wakichora vita mbele ya umati alikuwa na kila sababu ya kwenda kusema kwamba kuna jeshi linaundwa. Na katika miaka ile habari ilikuwa ikisafiri kwa kasi kuliko lori. Asubuhi ya siku ya pili nilipofungua geti nimwage maji ya deki, nikakuta foleni.

Ilianza getini, ikapita kwa mafundi cherehani, ikakunja kona ya soko. Wanaume, vijana, akina mama na watoto mgongoni. Nikamuuliza wa kwanza anangoja nini.

"Kuandikishwa."

"Kuandikishwa nini?"

"Sijui. Nimesikia Wajerumani wanaandikisha."

Wa pili alisikia wanagawa mablanketi. Wa tatu, kwamba wanachukua watu kwenda Ulaya kwa meli. Mzee mmoja Muha, mwenyeji kabisa, mwenye shamba lake Kidahwe, hakuwa amesikia chochote. Alikuja mnadani kuuza mbuzi, akaona foleni, akaona si busara kuipita. Na mbuzi wake alikuwa naye, ametulia mbele ya mtu mwingine kama mwenye zamu yake.

Nikamwita Mjerumani. Akatoka na kikombe mkononi, akatazama foleni, akawaamkia wote. Marahaba iliyoitikiwa siku ile ilitikisa mabati.

"Waambie hakuna jeshi," akanambia. Nikawaambia.

Hakuna aliyetoka. Mtu mmoja akasema, "Hata kule kwingine walianza kwa kusema hakuna."

"Waambie jeshi lilikwisha zamani."

Nikawaambia. Wakasogea karibu zaidi, wasije wakakosa mabaki.

Mama mdogo akaona watu watazimia juani, akaweka sufuria la uji jikoni na kuanza kuwapa watoto. Hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu sasa ilikuwa foleni yenye uji, na foleni yenye uji haivunjwi na mtu. Kanali alikuwa akipita huku na huku akiinyoosha. Nadhani wengine walikuwa askari wake kweli, kwa jinsi walivyonyooka.

Basi Mjerumani akaamua kueleza tangu mwanzo. Alikuwa mwalimu, aliamini watu wakielewa wataondoka. Akapanda juu ya ngazi ya baraza, akaanza: farasi, theluji, jenerali wa manjano, jenerali wa behewa. Mimi nikitafsiri kwa sauti niliyokuwa siijui kwamba ninayo. Watu walisikiliza vizuri kuliko mimi nilivyosikiliza. Alipofika kwa yule aliyekula chakula cha mchana akaondoka na ndege, foleni nzima ikaguna, kama watu wanaosikia habari za mtu wanayemfahamu. Akamalizia na jenerali wa mwisho, aliyebaki na makarani, wapishi na wapiga simu tu, bila askari hata mmoja, na bado kila asubuhi akikutana nao kujadili mbele ya ramani. Huyo alitaka kujisalimisha kwa jenerali mwenzake, kama ilivyo adabu ya vita. Akatembea kutwa nzima kumtafuta. Aliyempata alikuwa koplo mmoja wa adui akinyoa ndevu, ambaye alimwambia angoje amalize.

Hapo kanali aliinamisha kichwa.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono kutoka katikati ya foleni. Alikuwa Mkongomani, kijana bado, nilimwona Kibirizi akifanya kibarua cha kugeuza dagaa. Akauliza taratibu: "Dada, umuulize. Kule bajeshi balikopita, kulikuwa vijiji?"

Nikauliza. Mjerumani akasema ndiyo, vingi sana.

"Batu ba vile vijiji balikimbilia wapi?"

Nikatafsiri. Nilimwona Mjerumani akitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko aliokuwa na hakika kwamba una ufunguo. Aliwajua majenerali wote, na farasi wa mmoja wao alimjua kwa jina. Akanambia, "Mwambie sijui." Halafu akasema tena, kwa Kiswahili alichokiokota kwetu, yeye mwenyewe, "Sijui."

Wakati huo ndipo gari la polisi lilipofika.

Kituoni tuliingizwa watatu: yeye, kanali, na mimi kama mkalimani. Afande aliyetuhoji alikuwa mtu mpole aliyechoka, na kazi yake miezi ile ilikuwa kuhakikisha hakuna jeshi linaloundwa upande huu wa ziwa.

"Kamanda wa jeshi hili ni nani?"

"Yupi?" Mjerumani akauliza kwa nia njema kabisa. "Walikuwa wengi."

"Wa sasa."

"Amekufa."

"Aliyemrithi?"

"Hakurithiwa."

"Silaha ziko wapi?"

"Nyingi ziliachwa kwenye matope."

Afande akainua kichwa haraka. "Matope ya wapi? Malagarasi?"

"Urusi."

Afande akafuta alichoandika. Akamgeukia kanali. "Na wewe, mzee, unahusikaje na jeshi hili?"

"Mie si wa hilo, afande. Mie niko na brigedi yangu."

"Iko wapi?"

"Njo natafuta."

Afande akaweka kalamu chini, akaagiza soda. Tulikunywa wote. Kisha akanitazama mimi kama mtu pekee mwenye akili mle ndani, jambo lililonifurahisha na kunitisha. "Dada, kwa ufupi. Hili jeshi lipo au halipo?"

"Halipo, afande. Lilijisalimisha."

"Kwa nani?"

Nikafikiri. "Kwa koplo."

"Nitaandika," akasema polepole, akiandika, "kwamba jeshi lilikwisha kabla ya kufika Kigoma." Akampa Mjerumani onyo asichore tena ufukweni, na kanali akatakiwa aende kambini Kasulu kama wakimbizi wengine kwa lori la siku inayofuata. Tulipotoka akaniita nyuma, akaniuliza kama nina kazi. Shirika moja lilikuwa likitafuta wakalimani wa kupokea watu ufukweni, na alisema mtu aliyeweza kuwatafsiri wale wazee wawili anaweza kutafsiri chochote.

Kanali aliondoka asubuhi, amevaa suti, amesimama mbele kabisa ya lori kama anayekagua gwaride. Mjerumani alimpigia saluti. Kanali akarudisha saluti, huku mkono mwingine umeng'ang'ania chuma cha lori.

Baada ya hapo Mjerumani akaacha kusimulia. Alikaa uani na chai yake ikapoa. Mama mdogo, aliyekuwa akilalamikia maneno yake, sasa akaanza kulalamikia kimya. "Mgeni wako anaumwa," akanambia. "Muulize kori imefika wapi." Nikamuuliza. Akatikisa kichwa.

Siku ya tatu akaniomba nimpeleke Kibirizi kwa yule mwanamke aliyeulizia vijiji. Tulimkuta amechutama, ana dagaa hadi kwenye nywele. Mjerumani akachutama pia, kwa shida, magoti yakalia. Akasema amefikiri, na amekumbuka jambo moja tu ambalo baba yake aliwahi kumwambia kuhusu watu wa vile vijiji. Siku moja waliingia nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia muda mfupi tu uliopita. Jiko lilikuwa bado na moto, na ndani yake mkate umeiva. Jenerali akaukata, akaula wote, akausifu mbele ya maofisa wake. Baba yake alikuwa akilisimulia hilo kama jambo la kuchekesha, na nyumbani kwao walikuwa wakicheka. Hawakuwahi kuuliza nani aliyeukanda.

Nilimtafsiria mwanamke nusu kwa Kiswahili changu na nusu kwa chake. Alisikiliza bila kuacha kugeuza dagaa.

"Mie niliacha sombe ku moto," akasema. Sombe ni kisamvu. "Ya mafuta ya mawese, ilikuwa karibu kuiva. Tulisikia bunduki, nikabeba mtoto. Sijui nani aliikula." Akafikiri kidogo. "Huyu jenerali, alisema mkate ni mtamu?"

"Alisema ni mtamu sana."

Akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kichwa nyuma, mpaka wenzake wakageuka. "Basi na wangu labda alisema," akasema, akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na samaki.

Mjerumani hakucheka. Akaanza kugeuza dagaa upande wake. Kwa siku zote zilizobakia alikuwa akiamkia Kibirizi badala ya bandarini, na mwenye dagaa wa Ujiji akamzoea, akawa anampa samaki, migebuka miwili, jioni kama wengine. Alikuwa akiwauliza wanawake wale kupitia kwangu kitu kimoja tu, waliacha nini jikoni. Nilidhani ni swali la kipuuzi. Lakini walijibu kwa urefu, wakabishana, mmoja akasimama kuonyesha jinsi alivyoyafunika mahindi yake. Ugali uliogeuzwa nusu. Maharage yaliyokuwa hayajatiwa chumvi, jambo ambalo mwenyewe lilimsumbua sana, mtu kukuta maharage yake hayana chumvi akamdhania hajui kupika.

Meli ilirudi, ikaondoka tena siku ile ile kwenda kusomba watu wengine. Hakuikimbilia. Alipanda treni, siku zake za safari zimekwisha, na mama mdogo alimfungia dagaa wa kukaanga kwenye gazeti. Alitushika mikono akasema shikamoo, mara hii kwa mama mdogo peke yake. Kwangu akasema kwaheri, mwanangu. Chumba chake kilipata mtu kabla mashuka hayajakauka.

Jumatatu iliyofuata nilianza kazi ufukweni. Kwenye mtumbwi wa kwanza ulioshusha watu, mama mmoja mzee alinishika mkono, akaanza kusema haraka haraka kwa Kibembe, lugha nisiyoijua hata neno. Mkuu wangu akauliza, "Anasemaje?" Nikamwangalia yule mama, kiatu amevaa mguu mmoja, mkononi mwiko bado una unga.

"Anasema alikuwa anapika," nikajibu.

Sijui kama ndivyo alivyosema. Lakini aliutazama mwiko, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali, na sisi wote watatu tukaanza kupanda mchanga kuelekea kwenye malori.